Iceland walifungua pori, wakafunga soko

NILIPOKUWA Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, kwa mafunzo ya miezi sita ya mambo ya uvuvi, familia moja ilinialika chakula cha mkesha wa Krismasi. Nchi ile inaishi kwa samaki, lakini kilichowekwa mezani usiku ule hakikuwa samaki. Kilikuwa ndege mdogo kuliko kuku wa kienyeji, nyama yake nyeusi, na harufu yake ya majani ya porini. Kila mtu aliwekewa mmoja. Wa ziada hakuwapo.

Mimi ni mtoto wa mama aliyeuza ndagala Rumonge, na swali lililonitoka lilikuwa la sokoni: huyu anauzwa bei gani? Meza ikanyamaza kidogo. Kisha mzee mwenye nyumba akacheka, akanieleza taratibu kwamba ndege huyo hana bei. Kumwinda kwa kibali ni halali, kumla ni halali, na kumpa jirani ni halali. Kumuuza ndiko kuliko kosa mbele ya sheria.

Nimeikumbuka sana meza ile siku hizi. Tangu Tanzania ilipofunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, sijakaa na wafanyabiashara wa mpakani bila maswali mawili kurudi. La kwanza: serikali inapofunga, inajuaje kwamba huu ndio wakati wa kufunga? La pili: mbona anayeumia kwanza ni mchuuzi?

Ndugu msomaji, watu wa Iceland waliulizana maswali hayohayo kuhusu ndege wao, wakayatafutia majibu kwa zaidi ya miaka 20. Majibu yao yana faida, na yana machungu pia. Ni vizuri tuyaangalie yote mawili.

Ndege mwenye nguo tatu

Wenyewe wanamwita rjúpa. Ni wa ukoo mmoja na kwale tunaowajua, kwa hiyo hapa nitamwita kwale wa theluji. Anaishi katika nchi zote zinazoizunguka ncha ya kaskazini ya dunia: Iceland, Greenland, Norwe, Urusi, kaskazini ya Kanada na Alaska. Uzito wake ni kama nusu kilo. Miguu yake imefunikwa manyoya hadi kwenye vidole, ndiyo maana anatembea juu ya theluji bila kuzama wala kuganda.

Sifa yake kubwa ni kubadili nguo. Wakati wa baridi ni mweupe kama theluji yenyewe, isipokuwa mkia ulio mweusi. Wakati wa kiangazi chao huwa na madoa ya kahawia, na wakati wa vuli huchukua rangi ya kijivu ya mawe. Rangi hiyo ndiyo ngao yake, kwa kuwa hana pembe wala kucha za kupigania.

Mwezi wa Mei kila dume hujitwalia eneo lake na kulilinda kwa kelele na kuruka. Jambo la ajabu ni kwamba jike hubadili nguo mapema, akafanana na ardhi iliyoachwa na theluji, lakini dume hubaki mweupe kwa majuma kadhaa zaidi. Anaonekana kutoka mbali kama kitambaa kilichoanikwa juu ya jiwe. Majike humwona, na adui humwona vilevile. Watafiti waliowafuatilia ndege hawa kaskazini ya Kanada waliona kwamba majike wakishaanza kutaga, madume hujipaka matope ili weupe wao upungue. Kazi ya kujionyesha imekwisha, sasa ni kuokoa maisha.

Jike hutaga mayai 11 au 12 hivi katika kishimo kidogo ardhini, akayaatamia peke yake kwa majuma matatu. Vifaranga huanguliwa mwishoni mwa Juni, na mara wakikauka humfuata mama yao kutafuta wadudu na mbegu. Hawaletewi chakula kiotani kama makinda ya njiwa. Kwa hesabu hiyo mtu angedhani ndege hawa wataijaza nchi. Hawaijazi, na hapo ndipo uchambuzi wetu unapoanzia.

Kupanda na kushuka

Idadi ya kwale wa theluji wa Iceland haijawahi kutulia mahali pamoja. Hupanda kwa miaka kadhaa, hufika kilele, kisha huporomoka, halafu huanza tena. Kwa muda mrefu mzunguko huo ulichukua kama miaka 10 hadi 12. Vilele vya mwaka 1955, 1966 na 1986 vinajulikana vizuri. Mwaka wa kilele ndege wako kila mlima. Mwaka wa chini mwindaji hutembea kutwa nzima akarudi na bunduki yake tu.

Yalijulikanaje hayo yote kwa miaka ya nyuma, kabla ya kuwapo watafiti wa kuhesabu? Jibu lilinifurahisha kuliko mengine yote niliyoyasikia kule: yalijulikana kupitia vitabu vya wafanyabiashara. Mwanzoni mwa karne ya 20 Iceland ilikuwa ikiuza kwale wa theluji kwa wingi nchi za nje, na kila shehena iliandikwa. Watafiti walipozichambua hesabu zile za bandarini, waliona idadi ikipanda na kushuka kwa mpango uleule.

Kuna daftari la zamani zaidi. Katika karne ya 18 Iceland ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, na mfalme huyo alikuwa akichukua kutoka huko kozi wakubwa, ndege wawindaji wenye thamani, akawapeleka zawadi kwa wafalme wenzake wa Ulaya. Nao waliandikwa mmoja mmoja. Kozi huyo chakula chake kikuu ni kwale wa theluji. Hesabu za kozi waliopakiwa melini nazo zilipanda na kushuka, kama kivuli kinavyomfuata mtu.

Yaani mchuuzi na karani wa bandari, ambao hawakuwa na nia yoyote ya sayansi, ndio walioacha ushahidi ambao wasomi wa leo wanautegemea. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana nitalirudia.

Nani anayewaua?

Wengi hudhani kwamba ndege wakipungua, mwenye kosa ni mwindaji. Utafiti wa Iceland unasema habari ni ndefu kuliko hiyo.

Kwanza yuko kozi mwenyewe. Tangu mwaka 1981 mtafiti Ólafur K. Nielsen amefuatilia kozi na kwale wa theluji kaskazini mashariki ya nchi. Alionyesha kwamba kwale wanapoongezeka kozi nao huongezeka, lakini kwa kuchelewa: kilele cha kozi huja miaka mitatu au minne baada ya kilele cha kwale. Maana yake ni kwamba kwale wanapoanza kushuka, walaji wao bado ni wengi, na mlo ule huzidi kuwasukuma chini. Wenzetu wa ziwani wanalielewa jambo hili bila kwenda darasani. Mukeke anamla ndagala. Ndagala wakiadimika, mukeke naye atapata wapi shibe?

Pili kuna maradhi. Watafiti wa Iceland waliwachunguza mamia ya kwale wa theluji kwa zaidi ya miaka 10 na kukuta kimelea cha matumboni cha jamii ya Eimeria. Miaka ambayo kimelea hicho kilienea sana ilifuatana na kushuka kwa idadi ya ndege. Wanaofuga kuku wanamjua ndugu yake huyo: ndiye anayeleta ugonjwa wa vifaranga kuhara damu, ule unaoweza kumaliza banda zima.

Tatu ni baridi yenyewe. Karibu kila kiangazi vifaranga huanguliwa kwa wingi. Kinachotofautisha mwaka mzuri na mbaya ni wangapi kati ya hao watoto wa mwaka wa kwanza watauvuka msimu wa baridi. Mwindaji anaingia hapohapo, mwezi wa Novemba, kuelekea Krismasi. Yeye haanzishi mporomoko, lakini akiwaondoa wengi wakati kozi, vimelea na baridi navyo vinawaondoa, anazidisha kasi ya gari ambalo tayari linateremka mlima bila breki.

Sheria ya mwaka 2003 na ya mwaka 2005

Katika miaka ya 1990 wawindaji wa Iceland walikuwa wakiua zaidi ya kwale 100,000 kwa mwaka, katika nchi ambayo hata leo haijafikisha watu 400,000. Wakati huohuo watafiti waliona kwamba kila kilele kipya kilikuwa kifupi kuliko kilichotangulia. Ndege walipanda, lakini hawakufika tena pale walipofika baba zao.

Mwaka 2003 serikali ikapiga marufuku uwindaji wote. Ilitangazwa kuwa ni kwa miaka mitatu. Kelele zilikuwa nyingi, kwani kwa familia nyingi mkesha wa Krismasi bila rjúpa si mkesha. Na wenyeji wenyewe husimulia kwamba mlo huo ulianza kama chakula cha maskini, wale wasioweza kuchinja kondoo siku ya sikukuu.

Marufuku hiyo ilidumu misimu miwili, 2003 na 2004. Mwaka 2005 uwindaji ulifunguliwa, na hapo ndipo penye uamuzi ninaotaka tuupime. Badala ya kusema "windeni kama zamani", au "msiwinde kabisa", serikali ilisema: windeni kwa ajili ya meza zenu, lakini msiuze. Pori likafunguliwa, soko likafungwa. Hadi leo soko hilo halijafunguliwa.

Hoja yao ilikuwa rahisi. Anayewinda kwa ajili ya familia anatosheka na ndege watano au kumi. Anayewinda kwa ajili ya duka hatosheki, kwa sababu tumbo la duka halina mwisho. Wachache waliowinda kwa biashara walikuwa wakichukua sehemu kubwa ya mawindo yote. Ukiondoa bei, unamwondoa huyo bila kumgusa baba wa nyumbani.

Baada ya hapo serikali imekuwa ikicheza na siku. Msimu wa mwaka 2005 ulikuwa wa siku 47. Mwaka 2011, ndege walipokuwa wakishuka, zilipunguzwa hadi siku 9 tu. Mwaka 2019 zilirudi hadi 22. Mwaka 2021, badala ya kupunguza siku, walipunguza saa: mwindaji hakuruhusiwa kuanza kabla ya saa sita mchana, na kule mwezi wa Novemba giza linaingia mapema. Mwaka 2024 ulikuja mpango mpya unaoigawa nchi katika maeneo sita, kila eneo na siku zake kulingana na ndege waliomo. Aliye mashariki hafungiwi kwa sababu ya uhaba wa magharibi.

Bawa ndani ya bahasha

Mtu atauliza: siku hizo wanazipangaje? Hapa naomba nirudi mezani kwa mzee wangu. Baada ya chakula alinionyesha bahasha kubwa iliyojaa mabawa. Kila ndege aliyemwua alikuwa amemkata bawa moja, na mabawa hayo yalikuwa yakisubiri kupelekwa kwa watafiti wa serikali.

Bawa moja linatosha kujua kama ndege alizaliwa kiangazi kilichopita au ni wa miaka ya nyuma, kwa sababu manyoya ya ncha ya bawa la kijana yana rangi tofauti kidogo. Kwa kawaida zaidi ya theluthi mbili ya ndege wanaopigwa ni wa mwaka uleule. Mabawa ya vijana yakipungua, watafiti wanajua kwamba kiangazi hakikuwa chema.

Bawa si kipimo pekee. Kila majira ya machipuko, watafiti pamoja na watu wa kujitolea huenda kwenye maeneo yaleyale ya kila mwaka na kuhesabu madume, wale weupe wanaoonekana kutoka mbali. Na tangu mwaka 1995 kila mwenye kadi ya uwindaji anatakiwa kutoa taarifa ya alichoua. Hesabu tatu zinawekwa pamoja, ndipo waziri anatangaza siku.

Nilimuuliza mzee kama wawindaji hawadanganyi. Alisema wapo wanaodanganya. Lakini aliongeza kwamba mtu aliyepeleka bawa lake mwenyewe anaona vigumu kuipinga hesabu iliyotokana na bawa hilo. Anaweza kukasirika, lakini hawezi kusema hakuulizwa.

Machungu yake

Haitakuwa haki kusifu tu. Sheria ile ilikuwa na waathirika. Mtu wa mashambani aliyekuwa akipata fedha za sikukuu kwa kuuza ndege, fedha zile zilikatika. Wazee, wagonjwa na wasio na bunduki, waliokuwa wakinunua dukani, sasa wanategemea ukarimu wa jamaa. Mwenye gari la milimani na muda wa kutembea ndiye anayekula. Na soko halikufa kabisa. Vyombo vya habari vya kule vimewahi kuripoti ndege wanaouzwa kwa siri, mkono kwa mkono, kwa bei ambayo soko la wazi lisingeifikisha.

Tena ndege hawajarudi kwenye wingi wa zamani. Mwaka 2018 waliwekwa katika orodha ya taifa ya viumbe vinavyokaribia kuwa hatarini. Wanaendelea kupanda na kushuka, na hakuna sheria iliyoweza kuwatuliza. Norwe, ambako mimi sijafika, aina zote mbili za ndege hawa ziliingizwa katika orodha kama hiyo mwaka 2015, zikaondolewa mwaka 2021. Huko wanahesabu mwezi wa Agosti wakitumia mbwa waliofunzwa, na idadi inategemea pia lemingi, panya wa milimani. Panya hao wakijaa, mbweha hushiba na kuyaacha mayai ya ndege. Panya wakitoweka, mayai ndiyo mlo.

Juu ya yote hayo kuna hali ya hewa inayobadilika. Ndege aliyevaa nguo nyeupe katika nchi ambayo theluji imechelewa ni sawa na mtu aliyejificha nyuma ya kioo.

Kwa hiyo mafanikio ya Iceland si kwamba ndege wamejaa. Mafanikio ni kwamba sheria inatembea pamoja na ndege, ikikaza wanaposhuka na kulegea wanapopanda, na kwamba anayefungiwa anaonyeshwa hesabu.

Na sisi je?

Sisemi ziwa letu ni Iceland. Rjúpa ni kitoweo cha siku moja kwa mwaka. Ndagala ni mboga ya kila siku kwa mamilioni ya watu wa nchi nne. Kufunga soko la ndagala kama walivyofunga soko la rjúpa kungekuwa kuwafungia watu midomo. Wengine wetu tuliorudi nyumbani baada ya miaka mingi ya ukimbizi tulianza maisha kwa mtaji wa debe moja la ndagala, na hakuna mwenye akili atakayetaka debe hilo lipigwe marufuku.

Lakini samaki huyo naye ana tabia ya kwale wa theluji. Maisha yake ni mafupi, huzaa kwa wingi, hupanda na kushuka, na yuko mukeke anayemfuata. Kwa samaki wa namna hiyo, miezi mitatu ileile ya kila mwaka inaweza kuwa mingi mwaka mmoja na michache mwaka mwingine. Bila hesabu hatuwezi kujua, na mchuuzi ataendelea kuamini kwamba anaonewa.

Hesabu hiyo ipo, ila haijakusanywa. Mama yangu alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu. Aliandika humo kila siku madebe aliyonunua mwaloni, bei yake, na kama ndagala walikuwa wakubwa au wadogo. Siku za mbalamwezi, mitumbwi ya taa ilipopumzika, aliacha mstari mtupu. Ninaamini madaftari kama hayo yapo mamia, kutoka Rumonge hadi Kigoma, kutoka Uvira hadi Kalemie na hadi Mpulungu. Ni vitabu vya bandari vya Iceland kwa mwandiko wa kina mama.

Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa Bujumbura, na nchi zote nne zimo ndani yake. Pendekezo langu kwake ni dogo na halina gharama kubwa. Kabla ya tangazo la kufunga linalofuata, maofisa wapite mialoni na kwenye masoko ya mpakani, wayanakili madaftari ya wachuuzi, na wawarudishie hesabu iliyotokana nayo kwa lugha wanayoielewa. Mwaka unaofuata wafanye hivyo tena.

Na kwa wafanyabiashara nasema: usingoje ofisa. Kama hujaanza kuandika, anza leo. Andika tarehe, madebe, bei, na ukubwa wa samaki. Siku tutakapoitwa kuulizwa kama ziwa lifungwe au lisifungwe, tuwe na kitu cha kuweka mezani kama yule mzee na bahasha yake ya mabawa.